Kabla Hujalipia Kiwanja, Ulizia na Anga Lake



Leo namjibu mdogo wangu mmoja wa Shinyanga mjini, muuza vitenge. Ameandika hivi: "Dada, mume wangu yuko Geita mgodini, anatuma hela kila mwezi na mimi naongezea ya kikoba. Dalali amenipatia kiwanja Ibadakuli, hatua 25 kwa 30, bei ya kutupa, na anasema uwanja wa ndege ukishaanza kazi vizuri ardhi ya kule itapanda kuliko ya mjini. Nataka fremu nne chini, vyumba vya kupangisha juu, na kampuni ya simu ikitaka kuweka mnara niwakaribishe. Nilipe?"

Usilipe bado, mdogo wangu. Sijasema usinunue, nimesema usilipe bado. Nimeona maswali ya namna hii yanaongezeka kutoka Ibadakuli, Chato na hata Kahama, kwa hiyo kaeni wote tuzungumze, na wenye waume mgodini wawasomee kwenye simu.

Dalali hajadanganya kuhusu uwanja. Ibadakuli ilikuwa na njia ya kurukia ya changarawe, vumbi jekundu likitimka kila ndege inapogusa chini. Sasa TANROADS wamesimamia ujenzi wa njia ya lami yenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, ikiwa ni sehemu ya mradi uliokopewa fedha Benki ya Uwekezaji ya Ulaya pamoja na viwanja vya Tabora, Kigoma na Sumbawanga. Njia ikiwa ndefu, ndege kubwa zaidi zinakuja. Ndege kubwa zikija, eneo linalotakiwa kuwa wazi angani nalo linapanuka. Hapo ndipo dalali alipofunga mdomo.

Ninyi wa ukanda wa dhahabu hamhitaji kufundishwa kwamba kiwanja kina zaidi ya mwenyewe mmoja. Geita kila mtu anajua habari za bikoni: unakaa na shamba lako la mihogo, siku moja unaambiwa uko ndani ya leseni ya mtu. Ukichimba choo ukakuta mwamba unang'aa, dhahabu ile si yako. Sheria ya Madini ya 2010 inasema madini ni mali ya Jamhuri. Hilo la chini mmelizoea. Basi jirani na uwanja wa ndege, na la juu vilevile lina mwenyewe. Unaponunua kiwanja pale unapata ardhi ya juu pamoja na kipande cha hewa hadi kimo fulani, na ukivuka kimo hicho umeingia kwenye mali inayosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80.

Kimo hicho ni kipi? Sasa leta karatasi na kalamu, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa.

Kuna vipimo vya dunia nzima vinavyotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, na Tanzania imo. Kwa uwanja wenye njia ya kurukia inayozidi mita 1,800, ambao rubani anaweza kuukaribia kwa kuongozwa na vifaa, chukulia kuna karai kubwa mno limening'inia juu ya uwanja, lile lile la kuchekechea mchanga wa dhahabu. Kitako chake ni bapa, kiko mita 45 juu ya usawa wa uwanja, na kinafika kilomita 4 kila upande. Kuanzia hapo kingo zinapanda, mita 1 kwa kila mita 20 unazosogea nje. Kila unachojenga kibaki chini ya karai.

Ukiniuliza mita 45 ni nini, nitakwambia ni ghorofa kama 14. Shinyanga nani anajenga ghorofa 14? Ndiyo maana madalali wakikutajia hiyo 45 wanakutajia kwa raha kabisa. Wasichokutajia ni pale kwenye ncha mbili za njia na ubavuni mwake, ambako nafasi inabana sana.

Tuanze na ncha, kule ndege inakotokea ikishuka. Mstari wa kukaribia unaanza mita 60 nje ya kizingiti cha njia na unapanda polepole mno: mita 1 kwa kila mita 50. Piga hesabu mwenyewe. Ukiwa mita 310 kutoka kizingiti, unaruhusiwa mita 5 tu, yaani nyumba ya kawaida ya bati inagusa dari. Mita 560, unapata mita 10. Fremu zako nne na vyumba vya juu, ukiweka paa, ni mita 9 au 10, na bado hujapandisha simtanki juu ya zege. Ukivuka kilomita 1 kidogo, una mita 20. Tena eneo hili halibaki jembamba. Linapanuka kila upande mita 15 kwa kila mita 100 linavyokwenda nje, na linaendelea kwa kilomita 15. Kwa hiyo usiniambie "Dada, mimi siko sawa na njia, niko kando kidogo." Kando kidogo ni wapi? Kwa umbali wa kilomita 2, kando kidogo yako iko katikati.

Ubavuni, sambamba na njia, kuna ukanda wa wazi wa mita 140 kutoka mstari wa katikati, humo hamna ruhusa ya nyumba wala mti. Kutoka ukingoni mwa ukanda huo unapewa takriban mita 1 ya kimo kwa kila mita 7 unazosogea. Ukisogea mita 70, una mita 10.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Vimo vyote hivyo vinapimwa kutoka usawa wa uwanja. Havipimwi kutoka mlangoni kwako. Shinyanga yetu ni tambarare, lakini ina vilima vyake vya mawe, yale majabali yaliyopandana ambako watoto wanachungia mbuzi. Ukijenga nyumba ya chini kabisa, bila ghorofa, juu ya kilima kilichozidi uwanja kwa mita 30, umeshakula mita 30 kabla hujaweka tofali la kwanza. Jirani yako wa bondeni akipewa kibali cha ghorofa mbili na wewe ukanyimwa hata ya moja, usikimbilie kusema amehonga. Muulize mpima usawa wa ardhi yako.

Mnara wa simu ndio kabisa. Minara mingi inafika mita 30, 40 na kuzidi. Ule mnara unaouona umepakwa nyekundu na nyeupe na taa nyekundu kileleni, rangi ile si urembo, ni ya rubani. Kampuni ya simu yenyewe inajua inahitaji ridhaa ya TCAA, kwa hiyo hiyo kodi ya mnara uliyokwisha kuiingiza kwenye hesabu za kulipa ada za watoto, itoe. Ikija, ije kama bahati.

Najua mtakachosema, maana nimeshakisikia: "Dada, ndege yenyewe Shinyanga inatua mara ngapi? Si inapita tu?" Mdogo wangu, nenda Goma. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 2002, lava ikafunika sehemu ya njia ya kurukia, ikabaki fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapitiliza moja kwa moja hadi Birere, mtaa wa soko uliosogelea mwisho wa njia. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa mtaani, waliokuwa wanauza na kununua. Na Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo ikaingia soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, na wengi hawakuwa na tiketi ya ndege. Ukanda ule usiojengwa mwishoni mwa njia unaonekana kama ardhi imelala bure. Imewekwa kwa ajili ya siku ambayo breki au injini imegoma, na wa kwanza kulindwa ni wewe mwenye fremu.

Haya, tuje kwenye makaratasi, ambako pesa ya mume wako itaokoka au itapotea.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba muuzaji anafahamika na hakuna mgogoro wa mpaka anaoujua yeye. Hauthibitishi matumizi ya ardhi, hauthibitishi kimo. Mwenyekiti wa watu hana ramani ya anga mezani kwake, usimlaumu. Wewe nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa, muone Afisa Mipango Miji, mwombe akuonyeshe eneo hilo kwenye mchoro wa mipango miji, ule wanaouita TP. Uliza maneno haya: eneo hili limetengwa kwa matumizi gani, lina namba ya kiwanja, limo ndani ya mpaka wa uwanja wa ndege au ndani ya eneo la tathmini? Halafu ukitaka kitu chochote kinachozidi nyumba ya chini, pamoja na tanki na nguzo, uliza habari ya ridhaa ya TCAA kabla mchoraji hajachora. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 huruhusiwi kuendeleza ardhi ya mjini bila kibali, na aliyejenga bila kibali anaweza kuamriwa kubomoa. Hapo hamna fidia ya kulilia.

Hapa niseme la moyoni. Wenye mamlaka nao wana lao. Watu wanaona uzio wa uwanja wanadhani mambo yanaishia pale kwenye uzio, kwa sababu hakuna aliyewaambia vingine. Kubandika ramani ya vimo kwenye ofisi ya kila mtaa unaozunguka uwanja, kwa Kiswahili cha kueleweka, kunagharimu karatasi na gundi. Nairobi wamefika mahali pa kugombana na wenye maghorofa yaliyokwisha kusimama jirani na uwanja wa Wilson, na kumwambia mtu apunguze ghorofa yenye wapangaji ni vita. Sisi bado tuna nafasi ya kusema mapema. Itumike.

Wengine mnaosoma hamnunui. Mlikuwepo tangu babu, uwanja ndio umewafuata. Yenu ni mengine. Kama ardhi inatwaliwa, una haki ya fidia, na fidia si bei ya ukuta tu. Kanuni za fidia za 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo, makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Posho ya makazi inakokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea vilevile miezi 36. Mama mwenye mgahawa asiye na kitabu cha mauzo, faida yako itathibitishwa na nini? Anza kuandika leo, hata kwenye daftari la mtoto. Simama pale wathamini wanapopima, hesabu miti yako pamoja nao, soma fomu kabla ya kuweka dole gumba, omba nakala, piga picha. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaupa uthamini uhai wa miaka miwili, na fidia ikipita miezi sita bila kulipwa inaanza kudaiwa riba. Sheria hiyo haikuja hivi hivi. Dar es Salaam, wakazi wa Kipunguni walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa kimataifa, wakakaa zaidi ya miaka 20 hawajengi, hawauzi, hawalipwi. Watoto walizaliwa, wakaoa, nyumba ikiwa bado na alama ya rangi ukutani. Msikubali kukaa kimya kiasi hicho. Andikeni barua, mwe na kamati, mtunze tarehe.

Lakini na tegesha tuache. Neno hili limetoka Nyamongo kwenye mgodi, na sasa limefika kila mahali penye mradi: mtu anasikia tathmini inakuja, usiku anapandisha kuta za tope tatu na miembe ya wiki moja, ili alipwe. Wathamini wa siku hizi wana picha za setilaiti za mwaka jana. Unapoteza tofali zako, na mbaya zaidi unaichelewesha fidia ya bibi yule ambaye kweli ana nyumba.

Matumizi ya ardhi nayo yana mambo ambayo hayana uhusiano na urefu wa jengo. La kwanza ni ndege, na ninasema ndege wa manyoya. Injini ikimeza korongo mmoja, inaweza kuzimika. Ushauri wa kimataifa ni kwamba dampo lisiwekwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani, kwa sababu makorongo na kunguru hawaheshimu uzio. Machinjio ya kienyeji ni hivyo hivyo, na mashimo ya kuchimba kokoto yanayojaa maji masika. Kwetu kuna na hili la majaruba ya mpunga: mpunga ukianza kushika, kwerea wanakuja kwa wingu. Kama shamba lako limepakana na uwanja, mpunga na mtama vipeleke mbali. Pale lima pamba. Pamba haina cha kumpa kwerea. Lima viazi vitamu, ukaushe michembe yako kwa amani.

Halafu mifugo. Msukuma na ng'ombe wake ni jambo refu, sitaliingia leo, ila mtoto wa kuchunga aambiwe kwamba nyasi za ndani ya uzio, hata ziwe za kijani kiasi gani mwezi wa Oktoba, si malisho.

Na wa Geita na Kahama: mialo, makarasha na mitambo ya kuchenjulia. Taa kali za usiku zinazoangalia juu zinaweza kumchanganya rubani anayetafuta taa za njia yake. Moshi wa tanuri za matofali na wa mkaa unamfunika macho asubuhi ambapo hewa imetulia. Uwanja wa Geita kule Chato una njia ya kilomita 3, kwa hiyo eneo lake la tahadhari ni pana kuliko watu wanavyodhani, na Buzwagi kule Kahama kuna kiwanja kilichojengwa na mgodi ambacho mji unakisogelea mwaka hadi mwaka. Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, walikuwa na kiwanja chao tangu enzi za mwanzilishi wake, Williamson, lakini mgodi ulijizungushia mji wake, ukaamua nani ajenge wapi. Miji yetu haina bahati hiyo ya kuzungushiwa. Kila mtu anajenga pale alipopata. Na ninyi vijana wa kupiga picha za harusi kwa droni, msiirushe karibu na uwanja bila kibali. Bibi harusi atapendeza hata akipigwa kutoka chini.

Narudi kwako, muuza vitenge wangu. Kama ofisi ya ardhi itakuambia eneo ni la makazi au biashara, liko nje ya mpaka wa uwanja, na kimo chako ni mita 6 au 7, basi kiwanja hicho bado kina faida, ila kwa mradi mwingine. Acha ghorofa. Jenga fremu za chini, weka tanki chini na pampu, na nafasi iliyobaki iwe maegesho. Wasafiri wana magari na bodaboda, na watu wanaosindikiza wageni wanakula. Paa la bati lisilopakwa rangi linarudisha mwanga wa jua kwa rubani, hivyo chagua la rangi. Mti wa kivuli uwe mfupi, usinipandie mikaratusi. Kelele utaisikia, kwa hiyo vyumba vya kulala vya kupangisha vijenge mjini, pale Ibadakuli weka biashara ya mchana. Na bei ya muuzaji ishuke, maana anakuuzia kiwanja kisichopanda juu kwa bei ya kinachopanda. Mwambie hivyo hivyo, kwa heshima.

Jingine ni la ndani ya nyumba. Hela ni ya mume na ya kikoba, basi mkataba wa mauziano uwe na majina mawili, na hati ikija nayo iwe na majina mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi, lakini fremu za biashara si nyumba ya ndoa. Mume wako mwema leo. Mimi namheshimu shemeji. Jina lako liandikwe tu. Shemeji akiuliza nani amekushauri, mwambie Dada.

Muuzaji mwambie mwende wote ofisi ya ardhi asubuhi ya siku ya kazi, na nauli ya bajaji utalipa wewe. Mwenye kiwanja safi atavaa viatu. Na dalali akikuambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na hela mkononi, mwambie amkaribishe.